Sinema ya 'familia nzima' si ya kila mtoto

LIKIZO ya Desemba inapokaribia kuna swali ambalo wazazi huniuliza sana, aghalabu wakiwa wamekwisha kusimama, karatasi ya dawa mkononi na mlango wameushika. "Daktari, sinema fulani inafaa watoto?" Laonekana swali dogo. Likizo moja nililijibu kwa haraka, na aliyeumia kwa jibu langu ni mvulana wa miaka sita.

Mamake ameniruhusu nisimulie kisa hiki mradi nisiwataje. Siku hiyo alikuwa amemleta mtoto kwa ajili ya kikohozi. Binamu zake walikuwa wakija Nairobi kutoka Kisumu, nao walikuwa na hamu ya kutazama Jumanji, ile ya mwaka wa 1995 ambayo Robin Williams aliigiza. Mimi niliitazama nikiwa kidato cha pili, katika kanda ya video iliyochakaa, nikacheka hadi mbavu zikaniuma. Nikamwambia, "Mama, hiyo haina neno. Ni simba na nyani na vifaru wanaobomoa nyumba. Waache wajionee." Sikumuuliza jambo lolote. Nje kulikuwa na foleni.

Katikati ya Januari walirudi. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani tangu akiwa na miaka mitatu alikuwa ameanza tena, karibu kila usiku. Asubuhi alilalamika kuwa tumbo linamuuma, na shuleni alikuwa akisinzia. Nilifanya yale ambayo daktari hufanya. Nilipima mkojo kuona kama kuna maambukizi. Nikapima sukari, kwa sababu kisukari cha watoto chaweza kujitokeza kwa mtoto kuanza upya kukojoa kitandani. Nikauliza kuhusu choo kigumu, maana utumbo uliojaa hukibana kibofu. Nikapima hata malaria ingawa hawakuwa wamesafiri. Yote yalikuwa sawa. Basi nikampa dawa ya minyoo, ambayo ndiyo dawa tunayotoa tunapokosa la kusema (wenzangu wasinikasirikie), nikawaambia warudi baada ya majuma mawili.

Waliporudi nilimpa mtoto kalamu na karatasi achore huku nikizungumza na mamake. Akachora kisanduku, na kando yake dadu mbili. Nikamuuliza ni kitu gani. Akanijibu kwa sauti ya chini kwamba ni mchezo, na kwamba ukiumaliza watu wote hurudi.

"Baba pia," akasema.

Mamake alinyamaza kimya. Babake mtoto huyo alikuwa amefariki miezi minane kabla ya hapo katika ajali ya gari, kwenye barabara kuu ya kwenda Nakuru. Mimi nililijua jambo hilo. Lilikuwa limeandikwa katika faili ya mtoto kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Tulikuja kuelewa pole pole. Kila usiku, taa zikizimwa, kijana alikuwa akitoa dadu za ludo chini ya mto na kuzirusha juu ya godoro mpaka usingizi umshinde. Hakutaka kulala kabla ya kuumaliza mchezo. Kwenda chooni nako alikuogopa, asije akapoteza zamu yake.

Wewe ambaye hujaitazama sinema hiyo, nikueleze kwa ufupi. Inatokana na kitabu cha picha cha Mmarekani Chris Van Allsburg kilichotoka mwaka wa 1981. Mvulana aitwaye Alan anaokota mchezo wa ubao mwaka wa 1969, anarusha dadu, na mchezo unammeza mzimamzima. Miaka 26 baadaye, watoto wawili, Judy na Peter, wanahamia katika nyumba hiyohiyo pamoja na shangazi yao, kwa kuwa wazazi wao wote wawili wamefariki katika ajali huko Kanada. Wanaupata mchezo na kuanza kuucheza. Kila wanaporusha dadu kitu kipya kinatokea: mbu wakubwa ajabu, simba chumbani, mwindaji mwenye bunduki, buibui, mafuriko yenye mamba. Alan naye anatoka akiwa mtu mzima. Mchezo unapomalizika kila kitu kinarudi nyuma. Alan anajikuta mtoto tena mwaka wa 1969, babake yu hai, na akishakua anahakikisha kwamba wazazi wa Judy na Peter hawaendi ile safari iliyowaua. Sinema inaisha kwa sherehe ya Krismasi, wazazi wakiwa wazima na wenye afya.

Mimi nilipoulizwa kama sinema hiyo inafaa, nilihesabu meno na kucha. Wazazi wengi hufanya vivyo hivyo. Tunauliza kama kuna damu, kama kuna bunduki, kama watu wanavuliwa nguo. Mvulana huyu hakutishwa na simba hata kidogo. Mamake anasema alicheka kama binamu zake. Kilichomkosesha usingizi ni ule mwisho mwema, ile sehemu ambayo sisi wakubwa twaiona kuwa ndiyo inayomtuliza mtoto.

Hapa sharti tuelewe namna akili ya mtoto inavyokua. Mtoto wa miaka mitatu au minne hajui kwamba kifo hakina marejeo. Kwake aliyekufa ni kama aliyelala, au aliyesafiri. Wengi huanza kulielewa jambo hili kati ya miaka mitano na saba, na hata hapo hulielewa nusunusu: leo anakuambia kwamba babu hatarudi, kesho anauliza kama babu atakuja Pasaka. Mtoto wa umri huo pia huweza kuamini kwamba wazo lake au tendo lake ndilo lililosababisha mambo, au kwamba laweza kuyageuza. Sasa mwonyeshe sinema inayosema kwamba ukiwa jasiri na ukavumilia mpaka mwisho, waliokufa kwa ajali watafungua mlango waingie. Ataifuata kama vile wewe unavyofuata maagizo ya dawa.

Sina nia ya kuitukana sinema yenyewe. Kwa mtoto wa miaka kumi ambaye hajafiwa ni burudani safi, na lile jambo la mwana kupatana na babake ni zuri kweli. Nadhani hata huyu kijana angeitazama akiwa na miaka kumi na miwili asingedhurika. Kosa lilikuwa langu, kujibu habari za sinema bila kuuliza habari za mtoto.

Kuna utafiti ambao umenisaidia sana kufikiri. Joanne Cantor, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, alitumia miaka mingi kuchunguza kinachowatisha watoto katika runinga na sinema. Aligundua kwamba watoto wadogo, hasa wa kabla ya kwenda shule, huogopa sura. Kitu kikiwa na umbo la kutisha kinawatisha hata kama ni chema, na kubadilika umbo huwatisha zaidi. Katika kipindi cha The Incredible Hulk, walioogopa mno wakati shujaa anapogeuka kuwa lile jitu la kijani walikuwa wadogo, ijapokuwa jitu lilikuja kuokoa watu. Katika Jumanji Peter anafanya udanganyifu mchezoni, naye anageuka kuwa nyani hatua kwa hatua, mkia na manyoya vikimtoka. Wewe unacheka. Binti yangu alipokuwa na miaka mitano aliniomba niangalie kama mgongoni mwake kuna nywele.

Wakubwa kidogo, kuanzia miaka minane hivi, huogopa mambo yanayoweza kutokea kweli: mwizi, moto, mzazi kufa, kutekwa nyara. Hao ukiwaambia "hii ni sinema tu" hupata nafuu. Mdogo hapati nafuu kwa maneno hayo, kwa sababu bado hajatenganisha vizuri cha kweli na cha kuigiza. Yeye humtuliza kukumbatiwa, kuwashiwa taa na kupewa kikombe cha maziwa ya moto. Usipoteze pumzi kumweleza habari za kompyuta zinavyotengeneza simba.

Na usidhani kwamba hofu hizi huisha zote na umri. Mwaka wa 1999 Cantor na mwenzake Kristen Harrison walichapisha matokeo ya kuwahoji wanafunzi wa chuo kikuu. Karibu tisa katika kila kumi walikumbuka sinema au kipindi kilichowatisha utotoni au ujanani kwa muda mrefu, na takriban robo walisema bado wanahisi mabaki ya woga huo. Mimi mwenyewe sipendi kuoga mlango ukiwa umefungwa kwa ufunguo, nami najua ni sinema gani iliyonifanya hivyo.

Je, alama za umri hazitoshi? Husaidia, na asiyezisoma anajidanganya. Hapa kwetu Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB, inafanya kazi chini ya Sura ya 222 ya Sheria za Kenya, na alama zake ndizo hizi: GE ni ya watu wote, PG yataka mwongozo wa mzazi, kisha kuna ya miaka 16 na ya miaka 18. Vituo vya utangazaji navyo vinatakiwa visionyeshe mambo ya watu wazima kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku. Lakini alama hupima kilichomo ndani ya sinema: mapigano, lugha chafu, ngono, dawa za kulevya. Bodi haijui ni nani aliyefariki nyumbani kwako mwezi wa Mei. Haijui kwamba mwanao aliumwa na mbwa, kwamba mlivunjiwa nyumba usiku, kwamba wewe na babake mmeachana.

Tena alama zenyewe zina historia ya kusuasua. Huko Marekani, mpaka katikati ya mwaka wa 1984, hakukuwa na kitu kati ya PG na ile ya vijana wa miaka 17. Wakaja Indiana Jones and the Temple of Doom, ambamo mtu anang'olewa moyo kifuani, pamoja na Gremlins, zote zikiwa na PG. Wazazi wakapiga kelele, na alama ya PG-13 ikabuniwa mwaka huohuo. Jumanji ya 1995 ilipewa PG, na mhakiki mashuhuri Roger Ebert hakukubaliana, akisema inaogofya mno kwa watoto wadogo. Kisha kuna Jumanji ya mwaka wa 2017 na ile ya 2019, ambazo ni PG-13. Jina ni lilelile, na mzazi anayemwambia kijakazi "wawekee Jumanji" hajui ni ipi watakayotazama. Katika hizo mpya kila mchezaji ana uhai mara tatu: anakufa, kisha anaanguka kutoka angani mzima kabisa. Umri huo wa miaka 13 haukuandikwa kwa mzaha.

Wengine hukimbilia katuni wakidhani humo mna usalama. Mwaka wa 2014 jarida la udaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchunguzi uliolinganisha katuni 45 za watoto zilizopata soko kubwa na sinema za tamthilia za watu wazima. Ilionekana kwamba katika theluthi mbili za katuni hizo mhusika muhimu hufa mbele ya macho ya mtazamaji, ilhali katika zile za watu wazima ilikuwa nusu. Wanaokufa sana katika katuni ni wazazi.

Sasa basi, mzazi afanye nini? Atazame kwanza yeye mwenyewe, japo dakika ishirini za mwanzo na ishirini za mwisho. Najua utaniambia huna muda. Nami pia sina. Lakini mwisho nausisitiza kwa sababu kwao ndiko kuliko na fundisho ambalo mtoto ataondoka nalo. Usipoweza, muulize jirani aliyeitazama, naye usimuulize kama inatisha. Muulize nani anakufa, anakufa vipi, na je, anarudi?

Halafu muwe pamoja. Asitazame usiku akielekea kitandani, bali mchana wa Jumapili, mlango uko wazi na harufu ya pilau inatoka jikoni. Mtoto aliye na umri chini ya miaka sita hana haja ya sinema ya saa moja na nusu hata kidogo. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2019 kwamba watoto wa miaka miwili hadi minne wasizidishe saa moja kwa siku mbele ya vioo hivi, na wa mwaka mmoja wasitazame kabisa. Mtoto akijifunika uso, akiziba masikio au akiomba ghafla kwenda chooni, amekuambia vya kutosha. Zima. Binamu mkubwa akimcheka na kumwambia mwanamume haogopi, mtume dukani.

Kuna mahali ambapo huwezi kuzima. Nimewahi kupanda matatu ya kwenda Umoja saa kumi na mbili jioni, runinga iko juu ya dereva, watu wanakatwa mapanga, na mbele yangu mtoto aliyevaa sare ya chekechea ametoa macho. Mamake alikuwa akiangalia simu. Nilimwomba utingo abadilishe, akaniambia kama sitaki nishuke. Nilishuka. Baadaye nilijilaumu, maana mtoto alibaki.

Mtoto akishatishika, usiku mbili tatu za ndoto mbaya si ugonjwa. Ndoto mbaya hutokea zaidi kuelekea alfajiri. Mtoto huamka kabisa na aweza kukusimulia alichokiona. Ni tofauti na kile kilio cha saa za mwanzo za usingizi, mtoto anapopiga mayowe macho wazi, hakutambui, na asubuhi hakumbuki kitu. Hicho huwapata watoto wengi wazima na kwa kawaida huisha chenyewe, nawe usimwamshe kwa nguvu. Mlete kwa daktari iwapo hofu imepita mwezi, hataki kwenda shule, au amerudia kukojoa kitandani. Akiwa anakunywa maji kupita kiasi na kukonda, mlete leo hii wala usisingizie sinema yoyote. Ukifika, mweleze daktari alichotazama. Sisi hatuulizi. Tangu siku ya zile dadu mimi nauliza.

Limebaki jambo moja, nalo ni zito kuliko sinema. Nilipomuuliza yule mama alimwambia nini mtoto siku ya msiba, alisema alimwambia baba amesafiri kwenda kwa Mungu. Simlaumu. Wengi wetu tulilelewa hivyo, mwili ukiletwa kijijini watoto wanapelekwa kwa jirani. Lakini aliyesafiri hurudi, na mtoto alikuwa akingoja tangu mwezi huo. Sinema haikumpa tumaini hilo. Ilimwonyesha tu jinsi ya kulifanyia kazi.

Tulikaa naye siku hiyo sisi watatu, foleni ikanung'unika. Mamake alimwambia kwa maneno mepesi kwamba mwili wa baba uliumia sana katika ajali, moyo ukaacha kupiga, na mtu akifa harudi, hata tukimpenda namna gani. Kwamba hakuna mchezo unaoweza kumrudisha, na kwamba yeye hakukosea kitu. Mtoto aliuliza kama baba anasikia baridi. Kisha akauliza kama angeweza kubaki na dadu. Mwezi wa Aprili walikwenda kaburini, akapanda ua. Kitanda kilikuwa kimekauka tangu Machi, ukiacha usiku mmoja mmoja.

Hivi majuzi mamake alinipigia simu. Shuleni wenzake wanazungumza kuhusu The Lion King, ile katuni ya 1994 ambamo simba mdogo anafiwa na babake. Inafaa? Safari hii sikujibu kwanza. Nilimuuliza kijana ana miaka mingapi sasa, anazungumziaje baba, analala vipi. Nikamwambia kwamba humo baba hufa na hafufuki, ingawa kuna mahali anaonekana mawinguni, na kwamba mtoto huyo wa simba anaambiwa kwamba yeye ndiye aliyemuua. Hilo alitayarishie maneno mapema.

Waliitazama Jumapili alasiri, mama na mwana peke yao. Ilipofika sehemu ya kifo, mtoto mwenyewe alisema wazime, wataendelea siku nyingine. Wakazima, wakatoka kwenda kununua mahindi ya kuchoma. Bado hawajaimaliza.